Mizani ya Weupe: Kumpa Msemaji Haki ya Sura Yake



Ndugu msomaji, safari hii sikuandika somo la fiqhi kama ulivyonizoea. Nimeombwa na wenzangu wa idara ya habari niandike somo la kamera, nami nimeitikia kwa furaha, kwa sababu kila jumuiya ya wanafunzi Waislamu siku hizi inarekodi: darsa za Ijumaa, nikahi za wenzetu, futari za Ramadhani, swala ya Idi katika uwanja wa Kigali Pelé. Tunarekodi sana, lakini jambo moja tunalipita kila mara bila kulijali, nalo ni rangi ya mwanga. Ndiyo maana katika video zetu nyingi Sheikh anaonekana wa manjano kama mgonjwa wa nyongo, na akigeuka upande wa dirisha anakuwa wa buluu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu mwaka huu. Jumuiya yetu imeanza kurekodi wazee Waislamu wa Kigali wakisimulia maisha yao, na baadhi yao wanaishi huku Rebero, kilima cha wilaya ya Kicukiro ambako mimi mwenyewe nimepanga. Waislamu wa mwanzo walifika Rwanda wakiwa wafanyabiashara, makarani na askari waliofuatana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Waanzilishi wenyewe wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki ni watoto na wajukuu waliolelewa Biryogo, wakazungumza Kiswahili nyumbani miongo mingi kabla hakijawa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Mzee wa miaka themanini na kitu akimaliza kukusimulia habari za baba yake, huwezi kumwambia arudie wiki ijayo kwa sababu sura yake imetoka ya kijani. Wiki ijayo si yako wala si yake.

Kwa hiyo tujifunze.

1. Mizani ya weupe ni nini?

Mafundi wa video huiita waiti balansi, na kwenye kamera nyingi utaiona kwa herufi WB. Mimi naiita mizani ya weupe. Maana yake ni hii: unaiambia kamera ni mwanga wa rangi gani unaoangaza mahali ulipo, ili kitu cheupe kitoke cheupe na cha kijivu kitoke cha kijivu. Kitu kisicho na rangi kikikaa sawa, rangi nyingine zote, pamoja na ya ngozi, hukaa mahali pake.

Utauliza: mbona mimi naona kanzu ni nyeupe nje na ndani, mchana na usiku? Ni kwa sababu jicho lako halifanyi kazi peke yake. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyezaliwa karibu mwaka 965 na kufariki karibu mwaka 1040, alilieleza jambo hili katika Kitab al-Manazir. Aliona kwamba rangi ya kitu inavyoonekana hubadilika kwa kadiri ya mwanga unaokiangukia, na kwamba mengi tunayodhani tumeyaona kwa jicho tu yamekamilishwa na akili kwa tamyiz na qiyas. Wenzangu wa darasa la usul mtayatambua maneno hayo mawili. Akili inajua kanzu ni nyeupe, inakisia rangi ya mwanga, inaiondoa, kisha inakupa hukumu: nyeupe. Yote haya hufanyika kabla hujafikiri.

Akili nayo inaweza kukisia vibaya. Mwezi wa Februari 2015 ilienea mitandaoni picha ya gauni moja. Nusu ya watu waliapa ni buluu na nyeusi, nusu wakaapa ni nyeupe na dhahabu. Picha ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni makisio ya kila akili kuhusu mwanga uliomulika gauni hilo.

Kamera haina kumbukumbu ya kanzu. Inapima mwanga uliofika kwenye sensa yake, basi. Qiyas unaifanya wewe.

2. Joto la rangi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kipimo cha Kelvin. Ukitaka kukielewa, mfikirie mhunzi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha chungwa, kisha cha manjano, kisha cheupe. Kingeweza kupata moto zaidi bila kuyeyuka, kingeelekea buluu. Kwa hiyo namba ndogo ni mwanga mwekundu na wa manjano, namba kubwa ni mwanga wa buluu. Ni kinyume cha lugha yetu ya kila siku, ambapo nyekundu ndiyo "moto" na buluu ndiyo "baridi". Zoea tu.

Hizi ni namba za kukumbuka, zote ni za kukadiria:

• Mshumaa: 1,900
• Balbu ya zamani yenye waya ndani: 2,700 hadi 2,900
• Taa za halojeni za studio: 3,200
• Jua likikaribia kuzama: 2,500 hadi 3,500
• Jua la mchana lisilo na mawingu: 5,200 hadi 5,600
• Anga lililofunikwa na mawingu: 6,000 hadi 6,500 au zaidi
• Kivuli cha ukuta chini ya anga la buluu: 7,000 hadi 8,000 au zaidi

Balbu za LED zinazouzwa madukani huandikwa namba yake kwenye boksi: 3,000, 4,000, 6,500. Kabla ya kulitupa boksi, soma.

Sasa zingatia hapa, maana ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Namba unayoiweka kwenye kamera haiongezi rangi hiyo kwenye picha. Inaiambia kamera, "Mwanga wa hapa ni wa namba hii, rekebisha." Ukiiambia 3,200 nawe uko nje adhuhuri, kamera inadhani mwanga ni wa manjano, inaongeza buluu kuufidia, na picha yote inakuwa ya buluu. Ukiiambia 7,500 mahali palepale, inaongeza rangi ya chungwa. Namba kubwa kuliko mwanga halisi hutia joto, namba ndogo kuliko mwanga halisi hutia baridi.

Jambo lingine: hatua za Kelvin hazilingani kwa jicho. Kutoka 3,000 hadi 3,200 ni badiliko linaloonekana wazi usoni mwa mtu. Kutoka 7,000 hadi 7,200 huenda usilione kabisa. Ndiyo maana chini ya balbu za manjano inakubidi uwe makini kuliko ukiwa kivulini.

Mbali na mstari huo wa manjano na buluu, kuna mstari wa pili: kijani upande mmoja na majenta, ile rangi iliyo kati ya nyekundu na zambarau, upande wa pili. Kamera na programu nyingi huuita tinti. Taa za tyubu na LED za bei rahisi mara nyingi hutoa kijani kilichozidi. Unaweza kuipata Kelvin sawasawa na bado Sheikh akaonekana kama amepakwa majani. Dawa yake ni kusogeza tinti kidogo upande wa majenta.

3. Kilima cha Rebero kama darasa

Ukitaka kujifunza mwanga, panda Rebero mchana mmoja ukae mpaka usiku. Kigali iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huchwa karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na hushuka karibu wima. Saa 10 alasiri liko takriban digrii 30 juu ya upeo. Saa 11 limebaki takriban digrii 15. Halafu linashuka upande wa magharibi, ulipo Mlima Kigali, na giza halikawii. Wenzetu wa Ulaya wana jioni ndefu wakati wa kiangazi, sisi hatuna. Kati ya Alasiri na Maghrib mwanga wetu unatoka karibu 5,200 mpaka 3,000 hivi, na sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika katika saa ya mwisho.

Maana yake kwa mrekodi ni kwamba mazungumzo yaliyoanza saa 10 na nusu na kwisha saa 12 kasorobo hayana mwanga mmoja. Mwanzo na mwisho ni kama siku mbili tofauti.

Mambo mengine ya Rebero: udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami hurusha mwanga wa chungwa kidevuni mwa mtu aliyekaa karibu nao. Nyasi na migomba hurusha kijani kwenye kanzu nyeupe. Ukuta wa rangi ya waridi hupaka shavu la upande wake. Kwa dada zetu, hijabu ya rangi kali hufanya vivyo hivyo chini ya kidevu, na hapo hakuna mizani itakayokusaidia, kwa sababu rangi hiyo iko sehemu moja tu ya uso. Sogeza kiti hatua mbili kutoka ukutani, au mkalishe mtu kwenye sakafu ya saruji. Ni dawa ya bure.

Na kwa kuwa juu ya kilima hiki pia yapo Makumbusho ya Rebero, walipozikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga mauaji ya kimbari, tuwe na adabu. Mazoezi ya kamera yafanyike kwingine.

4. Kwa nini tusiiachie kamera yenyewe?

Kila simu na kamera ina mizani ya kujipanga yenyewe, yaani otomatiki. Haina ubaya wowote ukiwa unatembea na kamera kutoka uani kuingia sebuleni, au ukifuata msafara wa bwana harusi. Pale huna nafasi ya kupanga, iache ifanye kazi.

Lakini kwa mtu aliyekaa anazungumza, otomatiki ni msaidizi asiyetulia. Nyingi hujengwa juu ya dhana rahisi: ukichanganya rangi zote zilizomo kwenye picha, jumla yake iwe kijivu. Sasa fikiria msemaji amekaa mbele ya zulia la kijani la msikiti. Kamera inaona kijani kimezidi, inadhani ni rangi ya mwanga, inaongeza majenta, na uso unakuwa mwekundu. Mtu mwenye shati jekundu akipita nyuma, inabadilisha tena. Msemaji hajasogea, taa hazijaguswa, lakini rangi ya uso wake imebadilika katikati ya sentensi.

Nyuso zetu zenyewe zinaweza kuidanganya. Ukimsogelea mtu mweusi mpaka uso ujaze picha, dhana ile inaweza kuichukua hudhurungi ya ngozi kuwa ni manjano ya taa na kuisukuma kwenye buluu. Matokeo yake ni ile rangi ya majivu tunayoijua sote.

Tatizo hili lina historia. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilizotumia filamu za Kodak zilipanga rangi kwa kutazama kadi iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Akitoka sawa Shirley, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kadi. Ilipita miongo kabla kadi zenye watu wa rangi mbalimbali hazijatolewa. Hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ilitangaza kazi maalumu iliyoipa jina Real Tone, ya kufanya ngozi nyeusi zitoke kama zilivyo, na mizani ya weupe ya otomatiki ilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyarekebisha. Ikiwa makampuni makubwa yameona haja ya kulifanyia kazi, sisi wenye nyuso hizo tusilichukulie kuwa dogo.

5. Hatua za kuweka mizani kabla ya kurekodi

Swala ina mpangilio: unaelekea qibla kabla ya takbira, si baada yake. Na hapa ni hivyohivyo.

Kwanza, chagua mwanga mmoja. Tazama mwanga gani unaangukia uso wa msemaji, kisha zima au ziba mwingine. Sebule yenye dirisha la 6,000 upande mmoja na balbu ya 2,800 upande wa pili haina mizani sahihi. Ukimpata dirishani, shavu la pili litakuwa la chungwa. Ukimpata balbuni, shavu la dirishani litakuwa la buluu. Zima balbu na umsogeze mzee karibu na dirisha, au funga pazia na utumie taa zako. Msikitini, ambako huwezi kuzima taa za watu, mkalishe mbali na madirisha. Ikiwa lazima mianga miwili ibaki, pima kwa mwanga unaoangaza uso na uuache ukuta wa nyuma utoke utakavyotoka. Mtazamaji atausamehe ukuta.

Pili, tumia kadi ya kijivu. Ni kadi ndogo isiyo na rangi, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kamera. Usitegemee karatasi nyeupe ya mashine ya kuchapia wala kanzu. Karatasi nyingi zina kemikali za kuzing'arisha, na kanzu zetu zinafuliwa kwa sabuni zenye kemikali hizo au kwa bluu ya nguo, na chini ya jua vyote viwili hutoa buluu kidogo. Kamera ikikubali kwamba buluu hiyo ndiyo weupe, itaongeza manjano kwenye picha nzima. Karatasi ni bora kuliko kubahatisha, lakini kadi ni bora kuliko karatasi.

Tatu, mwombe msemaji aishike kadi mbele ya kidevu chake, ikielekea kamera, mwanga uleule wa uso uiangukie. Usiishike wewe karibu na kamera, maana huko mwanga ni mwingine. Ingia kwenye mipangilio ya WB, chagua mizani ya kujipimia, jaza kadi kwenye picha, na uthibitishe. Kamera itaihifadhi namba na tinti kwa pamoja.

Nne, kama kamera haina nafasi ya kujipimia, chagua alama inayofaa: jua, wingu, nyumba yenye kivuli, balbu au tyubu. Au ingia kwenye K uandike namba mwenyewe. Kwa simu, programu ya kamera iliyokuja nayo mara nyingi hainyimi wala haikupi uhuru wote. Zipo programu za bure kama Open Camera kwa Android, na Blackmagic Camera, zinazokuruhusu kuifunga namba isitikisike.

Tano, funga. Hata kama huna uhakika wa namba kamili, namba moja iliyofungwa ni bora kuliko otomatiki inayocheza. Kosa lisilobadilika hurekebishwa mara moja kwa video nzima. Kosa linalobadilika kila sekunde tano litakukalisha usiku kucha.

Sita, mkiwa na kamera mbili, zote zipime kadi ileile mahali palepale, tena zirekodi sekunde kumi za kadi kabla ya mazungumzo kuanza. Sekunde hizo kumi ni akiba ya mhariri.

Tulivyofanya kwa mzee mmoja hapa Rebero ni hivi. Alitaka kukaa barazani baada ya Alasiri, akiwa na tasbihi yake. Baraza ilikuwa kivulini, kadi ikatupa 6,800. Tulimweleza mapema kwamba kila baada ya dakika ishirini tutamwomba aishike kadi tena, naye akacheka akasema ni kama kupimwa presha hospitali. Saa 11 na robo jua lilishuka chini ya paa na kumwangukia bega. Tukasimama, tukamgeuzia kiti, tukampa maji, tukapima upya: 4,300. Mapumziko hayo yalimfaa na yeye pia. Aliporudi alikumbuka jina la jirani wa Biryogo ambalo awali lilikuwa limempotea.

6. Kusahihisha baada ya kurekodi

Hapa nirudi kwenye fiqhi niliyoiacha mwanzo. Tunajua kwamba sijda ya kusahau huziba pengo la baadhi ya sunna zilizosahaulika, lakini haishiki nafasi ya nguzo. Aliyeacha rukuu haitoshi kwake kusujudu sijda mbili mwishoni, ni lazima rukuu yenyewe iletwe. Usahihishaji wa rangi ni vivyo hivyo. Unaziba mapengo madogo. Haukuletei kile ambacho kamera haikukiandika.

Sababu iko ndani ya faili. Wapiga picha za mnato huweza kuhifadhi picha ghafi, na mizani yake hubadilishwa baadaye karibu bila hasara. Video za simu na kamera nyingi tunazozimudu si ghafi. Mizani huokwa ndani ya picha pamoja na kubanwa kwa faili. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila moja ya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ya biti 10 ina ngazi 1,024, ndiyo maana inastahimili zaidi. Ukirekodi chini ya balbu ya manjano kwa mizani ya jua, buluu inaandikwa kwa ngazi chache za chini. Ukiipandisha baadaye unapandisha na chengachenga zake. Nyekundu nayo ikiwa imegonga ukomo wa juu, paji la uso limekwisha kuwa bapa, na hakuna programu itakayoirudisha mikunjo yake.

Utaratibu ni huu, na unaweza kuufuata katika toleo la bure la DaVinci Resolve:

• Tafuta zile sekunde za kadi. Tumia kalamu ya kuchotea rangi, gusa kadi, programu itaweka mizani. Nakili marekebisho hayo kwenye kipande chote kilichorekodiwa kwa mwanga huo.
• Huna kadi? Tafuta kitu unachojua hakina rangi: saruji, kiunzi cha chuma cha kijivu, weupe wa karatasi kivulini. Meno na weupe wa macho visikushawishi, vina rangi yake.
• Fungua chati inayoonyesha nyekundu, kijani na buluu kwa safu tatu. Mahali penye kijivu safu zote tatu zilingane kimo. Sogeza kwanza joto, kisha tinti.
• Fungua vektaskopu, ile chati ya duara, uangalie ngozi. Ngozi za wanadamu, nyeusi na nyeupe, hukaribia kulala kwenye mstari mmoja kati ya nyekundu na manjano. Zinatofautiana zaidi kwa mng'ao na kwa wingi wa rangi. Kwa hiyo kuirekebisha ngozi nyeusi hakumaanishi kuifanya nyeupe. Anayeongeza mwanga mpaka mtu anabadilika rangi hajasahihisha kitu.
• Fanya haya yote kabla ya mapambo yoyote. Vichujio vya kupendezesha vije mwisho, au visije kabisa.
• Kila baada ya muda ondoa macho kwenye kioo, tazama ukuta au nje ya dirisha. Macho yakikaa dakika kumi kwenye picha ya manjano, yanaanza kuiona nyeupe. Ibn al-Haytham asingeshangaa.

Familia moja ilituletea video ya simu ya baba yao, marehemu sasa, akiwausia watoto wake chumbani usiku. Iliyomrekodi ilikuwa simu ya otomatiki chini ya balbu ya manjano, na televisheni ilikuwa inawaka pembeni. Kila televisheni ilipobadili picha, simu nayo ilibadili mizani, na uso wa mzee ukawa unatoka kwenye chungwa kwenda buluu na kurudi. Binti yake alitwambia, "Watoto wangu wananiuliza kama babu alikuwa mgonjwa." Tuliikata video kwenye kila badiliko, vipande vidogo vidogo, tukasawazisha kimoja kimoja kwa kutumia ukuta wa chokaa uliokuwa nyuma yake. Ilituchukua jioni tatu kwa dakika sita za video. Sasa uso unatulia na weusi wake unaonekana. Lakini upande wa shavu uliokuwa karibu na balbu umebaki doa bapa la chungwa, na tuliwaambia wenyewe wazi kwamba hilo haliondoki. Lingezuiwa kwa kuzima televisheni na kufunga namba moja kabla ya kuanza.

7. Usiufute wakati

Neno la tahadhari kwa aliyekwisha kuupenda utaalamu huu. Lengo si kuufanya kila mwanga kuwa mweupe kama wa maabara. Ukirekodi wenzako wakifuturu kileleni Rebero huku taa za mji zikiwaka bondeni, kisha ukapima kadi na kuondoa dhahabu yote ya jioni, umepata picha sahihi ya kadi na picha ya uongo ya Maghrib. Katika hali hiyo acha kamera kwenye 5,000 au 5,600, na jua la jioni litatoka la dhahabu kama walivyoliona waliokuwepo. Kinyume chake pia si uaminifu: kumwagia rangi ya chungwa darsa la saa 4 asubuhi ili lionekane la jioni.

Kipimo changu ni swali moja: aliyekuwepo pale akiitazama, atasema ndivyo ilivyokuwa? Aliyeturuhusu tumrekodi ametukabidhi sura na sauti yake, na hiyo ni amana. Neno mizani tunalisoma katika Suratul Mutaffifin tukifikiria wauza nafaka sokoni. Mwenye kamera naye ana mizani yake.

Mazoezi ya wiki

1. Simama kivulini adhuhuri na rafiki yako. Mrekodi sekunde kumi kwa 3,200, kumi kwa 5,600, kumi kwa 7,500. Tazameni pamoja, mweleze kwa nini kila moja imetoka ilivyotoka.
2. Funga namba moja, 5,600, urekodi mahali pamoja kila nusu saa kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 12 na nusu. Andika saa ambayo macho yako yalianza kuliona badiliko, kisha saa ambayo kamera ililionyesha. Utaona kamera ilitangulia.
3. Pima mizani kwa kanzu yako, kisha kwa kadi ya kijivu, mahali palepale. Linganisha ngozi ya mkono.
4. Rekodi dakika moja kwa otomatiki mbele ya zulia la msikiti, mtu akipita nyuma mara mbili. Jaribu kuisahihisha. Hesabu muda uliotumia.

Kamera mbili za jumuiya na kadi moja ya kijivu ziko kwa idara ya habari. Anayetaka kwenda kumrekodi bibi au babu yake mwenyewe na aje aazime, mradi arudishe na kadi pia, maana ndiyo hupotea kwanza. Wazee wa kusikilizwa bado wapo, na likizo inakaribia.

Wabillahi tawfiq.